Miaka ya Kikombe na Kijiko

Jenista na wenzako wa wodi ya lishe, mliniomba niwaandikie mambo ya zamani kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu na bado sijasahau kitu, isipokuwa miwani, ambayo naitafuta kila asubuhi hapa nyumbani Buhembe. Habari za vyeo na madaraja sitaziandika. Ziko kwenye faili langu, na sijaona mtoto aliyepona kwa sababu ya cheo changu. Nitaandika yale ambayo niliyaona kwa miaka thelathini na minne na nikashindwa kuyazoea.

Niliripoti Muleba nikiwa na miaka ishirini na sita, muuguzi mpya kabisa, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka kola inakata shingo. Wenzangu niliosoma nao walipangiwa chumba cha upasuaji, wengine maabara. Mimi nikapangiwa wodi ya watoto wenye utapiamlo, kule nyuma, karibu na jiko. Niliona nimeadhibiwa. Mwanaume wa Kihaya, cheti mkononi, ametumwa kupika uji. Kwetu mwanaume akionekana jikoni watu huuliza mke wake amefariki lini.

Aliyenipokea alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, Ma Edevina. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na alivaa saa kifuani, imening'inia kichwa chini miguu juu. Nilimsalimu, nikamwuliza kabati la dawa liko wapi ili nianze kujifunza. Akafungua droo, akanipa kikombe cha plastiki chenye mistari ya kupimia na kijiko kidogo cha chai.

"Kabati lako hilo," alisema.

Nilicheka nikidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Yeye hakucheka. Akanionyesha vifaa vingine: mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye boriti, na suruali yake ya kitambaa ambayo mtoto huvalishwa kisha akaning'inia kama mkungu wa ndizi akipiga kelele; ubao wa kupimia urefu; utepe wa kuzungushia mkono, wenye rangi nyekundu, njano na kijani. Kisha akainua kidole gumba chake cha kulia. "Na hiki. Hiki usikisahau nyumbani."

Matumizi ya kidole gumba niliyajua siku ya tatu. Asubuhi aliingia bibi mmoja kutoka Kagoma, Ma Leonida, amembeba mjukuu wake mgongoni. Mtoto aliitwa Datius, miaka miwili na miezi. Mama yake alikuwa amejifungua mwingine wiki chache kabla, hivyo bibi ndiye aliyekuja. Alimshusha kitandani, akaanza kwa neno letu la heshima: "Waitu, mtoto huyu ni mnene, anakula, lakini hataki kutembea. Na amekuwa na hasira. Hataki hata kuangaliwa."

Kwa kweli alionekana mnene. Mashavu yalikuwa ya mviringo, miguu imejaa. Lakini nywele zake zilikuwa nyepesi, zenye rangi ya kutu, na bibi alipomvua kofia zilibaki kwenye kofia. Ngozi ya mapajani ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Uso wake haukuwa na kitu chochote. Nimewahi kuona watoto wakilia kwa njaa, lakini huyu hakulia. Alitazama ukuta kama mzee aliyechoka na watu.

Ma Edevina alichukua mguu wake akaubonyeza kwa kidole gumba, akahesabu, akaachia. Shimo likabaki. Mimi niliendelea kuhesabu kimoyomoyo. Nilifika ishirini, na shimo bado lipo, kama alama ya kidole kwenye ugali wa moto.

"Hayo ni maji," aliniambia pembeni. "Ndani yake huyu mtoto ni mifupa. Ni kwashakoo."

Siku hizo maziwa ya tiba hayakuja yamefungwa kwenye pakiti kama yenu. Tulichanganya wenyewe jikoni: maziwa ya unga, sukari, mafuta, maji yaliyochemshwa, kwa vipimo vilivyoandikwa kwa chaki kwenye ubao. Ma Edevina alinionyesha mstari kwenye kikombe. Kiasi kile kila baada ya saa mbili, si zaidi, kwa kijiko, mtoto akiwa amekaa. Kisha akaenda kwenye kikao cha asubuhi.

Nilitazama ule mstari. Ulikuwa chini sana. Mtoto wa miaka miwili, ana njaa ya miezi, anapewa kitu kisichotosha kulowesha kijiko! Bibi naye alinitazama, halafu akatazama kikombe. Alikuwa amekuja na mchuzi wa samaki kwenye bakuli, ameufunika kwa jani la mgomba. Akaniuliza kwa Kihaya kama angeweza kumwonjesha kidogo. Nikasema ampe. Halafu na mimi nikajaza kikombe mpaka juu. Mtoto alikataa mwanzoni, kisha kwa kubembelezwa akanywa chote. Nikajaza tena. Bibi aliniita mwana wange, mwanangu. Nilijisikia daktari.

Saa nane mchana Datius alikuwa anahema haraka, mabega yakipanda na kushuka. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Ini lilikuwa limevimba hadi likaonekana chini ya mbavu. Niliita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ma Edevina alikuja, akatazama mtoto, akatazama bakuli, akatazama kikombe, na hakuniuliza swali. Alimkalisha Datius wima kwa mito, akasimamisha kila kitu kilichokuwa kinaingia mwilini mwake, akamwita daktari, kisha akakaa kitandani pale akihesabu pumzi kwa ile saa yake ya kichwa chini. Daktari alikuja, akampima, akasema kilichobaki ni kusubiri. Tukasubiri. Bibi alikuwa sakafuni, rozari mkononi, midomo inatembea. Mimi nilisimama ukutani. Nilikuwa na hakika nimeua mtoto kwa chakula.

Jua lilipokaribia kuzama pumzi zilianza kushuka. Ma Edevina aliinuka, akanipa faili na kalamu.

"Andika ulichompa. Kiasi, na saa."

"Dada, nitafukuzwa."

"Labda. Andika kwa mkono wako, ili atakayemshika kesho ajue moyo wake umepitia nini."

Niliandika. Alisoma, akatia sahihi yake chini ya yangu, kisha akanivuta kwenye benchi la nje ya jiko. Nilitegemea matusi. Badala yake alinieleza jambo ambalo chuoni nilifundishwa na nikafaulu mtihani wake bila kulielewa.

"Mtoto akikosa chakula, mwili haukubali kufa siku hiyo," alisema. "Mwili una akili kuliko mimi na wewe. Unaanza kwa kuacha kukua, maana kukua kunaweza kusubiri. Halafu unaacha kucheza. Halafu kucheka. Halafu unapunguza joto, ndiyo maana unaona tunawafunika blanketi mchana kweupe. Moyo unapiga pole pole. Figo zinafanya nusu ya kazi. Tumbo linasahau kusaga. Kila mahali panapunguzwa kidogo, ili kipatikane cha kumfikisha kesho. Datius amefanya hivyo miezi mingapi, hatujui. Amejihesabia mwenyewe kila siku, mtoto asiyejua kuhesabu mpaka tatu. Sasa wewe ukamwagia vikombe viwili na mchuzi wa chumvi juu ya moyo unaopiga pole pole. Ulitaka moyo huo ufanyeje?"

Nilikaa pale muda mrefu. Nilikuwa nimeanza kumwona yule mtoto kwa macho mengine. Niliyemdhania goigoi, mwenye hasira, aliyeutazama ukuta, kumbe ndani yake kulikuwa na kazi kubwa inaendelea, isiyoonekana na mtu. Nilirudi wodini nikamtazama akilala. Kifua kilipanda, kikashuka. Nilivua kofia, na hata leo sijui nilimvulia nani.

Kutoka siku ile nilimlisha mimi. Kijiko, kusubiri, kijiko. Nilijifunza kwamba mtoto mgonjwa anapokunywa, unaweza kusikia anavyomeza, na kwamba kati ya kijiko na kijiko kuna muda wa kutosha kusema Baba Yetu yote. Ma Edevina alikuwa Mlutheri, mimi Mkatoliki, na tulibishana kuhusu maneno ya mwisho ya sala hiyo huku maziwa yakipoa.

Asubuhi ya siku ya saba tulimning'iniza kwenye mizani. Alikuwa amepungua karibu kilo nzima. Mashavu yameondoka, miguu imekuwa vijiti, mbavu zinahesabika. Ma Leonida aliona mshale wa mizani, akaona mwili wa mjukuu wake, akasimama. Akamfunga mgongoni kwa kanga, akachukua kikapu.

"Ma Leonida, unakwenda wapi?" niliuliza.

"Nyumbani. Nilimleta mnene, ninyi mmemfanya mifupa. Nitamwambia nini mwanangu? Kwamba nimemleta hospitali akakaushwa?"

Nilianza kumweleza kuhusu maji na chumvi na protini. Nilieleza vizuri sana, kama kwenye mtihani, naye akazidi kuelekea mlangoni. Nilijua akivuka mlango ule, mtoto atapewa bakuli zima la ndizi jioni hiyo, na hatafika Jumapili. Ma Edevina alinipita. Hakumshika. Alipiga magoti mbele yake, kama mwanamke wa kwetu anavyomsalimu mkubwa wake, akazungumza naye kwa Kihaya, pole pole. Akamwomba kidole chake gumba. Bibi alishangaa, akakitoa. Ma Edevina akakipeleka kwenye mguu wa mtoto uliokuwa unaning'inia pale mgongoni.

"Bonyeza, waitu. Kwa nguvu. Sasa achia."

Bibi akabonyeza, akaachia. Ngozi ilirudi palepale.

"Siku mliyokuja, kulikuwa na shimo. Uliliona. Yale yalikuwa maji, Ma Leonida, hayakuwa mwili. Mjukuu wako alikuwa chini ya maji. Huyu unayemwona leo, huyu mwembamba, ndiye Datius. Ndiyo kwanza amefika juu."

Bibi alimfungua kanga, akamweka kitandani, akamtazama kwa muda mrefu kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akaweka uso wake kwenye tumbo la mtoto akalia. Alikuwa ameona mifupa ambayo ilikuwepo tangu zamani, ndani ya unene aliousifia kwa majirani.

Siku ya tisa nilikuwa nampa kijiko cha asubuhi. Alifunga mdomo. Nikasogeza kijiko, akageuza kichwa. Nikasogeza tena, akageukia upande wa pili, kisha akanitazama kwa kona ya jicho. Nilielewa polepole kwamba alikuwa hakatai chakula. Alikuwa ananichezea. Nikajifanya namlisha bibi yake, na hapo uso ule, uliokuwa umekaa kama ukuta siku tisa, ulifunguka. Alitabasamu. Meno yaliyoonekana yalikuwa manane, nakumbuka, kwa kuwa niliyahesabu.

Nilimkimbilia Ma Edevina. Alikuja, akathibitisha kwa macho yake, akafungua faili na kuandika neno moja: *Ametabasamu*. Nilidhani anaandika kwa furaha tu. Alinisahihisha. "Hiyo ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Mwili hautumii nguvu kucheka kama haujawa na uhakika wa kesho. Sasa unaweza kumwongezea kipimo." Jenista, mna mashine nyingi siku hizi, lakini neno lile muendelee kuliandika.

Datius alipotoka wodini niliagizwa nimfuate nyumbani. Nilikwenda Kagoma nikitegemea kukuta umaskini. Nikakuta kibanja kizuri kuliko cha baba yangu. Migomba imenenepa, mikungu imeegemezwa kwa miti, kahawa imeanza kuwa nyekundu, chini kuna maharage, pembeni mapapai yameiva hadi yanaanguka, na nguruwe anayala. Kuku walikuwa kila mahali. Babu, Ta Deogratias, alinikaribisha kwa heshima na kiti cha kukunja. Niliuliza Datius alikuwa anakula nini kabla ya kuugua.

"Ebitoke," alijibu, yaani ndizi, kwa namna ya mtu aliyeulizwa kama anavuta hewa. "Asubuhi, mchana, jioni. Anashiba."

"Na maharage?"

"Yanamsumbua tumbo."

"Mayai?"

Akatazama pembeni. Mayai, alisema, si chakula cha wanawake na watoto. Mtoto akizoea yai anakuwa mwizi. Nyama ilipopatikana walianza watu wazima. Maziwa ya mama yalikatwa siku mama alipojua ana mimba nyingine. Hakuna aliyemnyima Datius chochote kwa ubaya. Walimpa chakula chenye heshima kuliko vyote katika nchi yetu, akala mpaka tumbo likajaa, akabaki na njaa ndani ya shibe. Tumbo la mtoto wa umri ule lina ukubwa wa ngumi zake mbili hivi. Ukilijaza ndizi peke yake, umelijaza maji na wanga, na hapabaki pa kuweka vinavyojenga mwili.

Nilipolisema hilo Ma Leonida, aliyekuwa anamenya ndizi, aliacha kumenya. "Unasema nimemtia njaa mjukuu wangu? Kwenye kibanja hiki?"

Nilijibu kwamba nasema ndizi ni nzuri, ila zinahitaji wenzao. Na kwa kuwa maneno yangu yalikuwa yameniangusha mara moja, niliomba kisu, kinu na chungu. Niliingia jikoni. Wanawake wa jirani walikusanyika kuona mwanaume wa serikali akitwanga dagaa. Niliponda ndizi, nikatia maharage yaliyomenywa maganda, unga wa dagaa na vichwa vyake, mchicha uliokatwa mdogo mdogo, mwisho parachichi. Walicheka hadi wakashikana. Kutoka siku hiyo Kagoma nzima iliniita Bwana Dagaa, na kuna watu huko mpaka leo hawajui jina langu la ubatizo ni Respicius. Datius alikula, akaomba tena. Kicheko kikaisha.

Likabaki suala la yai. Niliona Ma Leonida hatalivunja agizo la mume wake, na sikutaka alivunje kwa kujificha. Nikamwomba mzee mwenyewe, yeye na si mwingine, awe anampa mtoto yai moja kila siku kwa mkono wake.  Akauliza kama mtoto akiwa mwizi nitakuja kumdhamini. Nikasema nitakuja.

Nilirudi baada ya miezi mitatu. Ta Deogratias alikuwa ameketi kizingitini anamenya yai, taratibu, kwa kucha zake za mkulima, na Datius amesimama katikati ya magoti yake akisubiri kama padri anasubiri divai. Nilimshika mtoto kichwa nikaona kitu ambacho sikuwa nimefundishwa. Nywele zilikuwa na rangi mbili. Nchani zilikuwa na rangi ya kutu, na kuanzia kwenye ngozi, upana wa kidole, zilikuwa nyeusi tii. Palipokutana rangi hizo palinyooka kama pamepigwa rula. Ungeweza kuweka kidole pale na kusema: hapa ndipo yai lilipoingia. Mwili ulikuwa umeandika kila kitu, mwezi kwa mwezi, na sisi tulikuwa tunapita tu bila kusoma. Nilimwita mzee atazame. Alitazama muda mrefu, akagusa ule mstari kwa ncha ya kidole.

"Kasinge, waitu," alisema, kwa sauti ya kanisani. Sikujua kama shukrani ile ilikuwa yangu au ya kichwa cha mtoto.

Miaka kadhaa baadaye nilitumwa kisiwani Bumbire. Surua ilikuwa imepita kwenye kambi moja ya wavuvi, na tulikwenda kupima watoto waliobaki dhaifu. Dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali. Mchanga wote ulikuwa unameta. Nilijiambia hapa hatutapata kazi. Jioni ya kwanza nilimwona binti mmoja wa miaka kama sita, Kemilembe. Mchana alikuwa anaokota dagaa na wenzake, akiruka. Jua lilipogusa maji, aliketi chini pale pale alipokuwa, akakunja mikono, akatulia kabisa. Wenzake waliendelea kukimbia kushoto na kulia kwake.

Nilimwuliza mama yake. Aliona aibu. "Ni mvivu wa jioni. Tangu apone surua. Ukimtuma maji anajikwaa, anavunja vyombo. Baba yake anasema ametupiwa kitu."

Nilikaa karibu na mtoto, nikaangusha kalamu yangu nyeupe mbele ya miguu yake, nikamwomba aniokotee. Mwanga ulikuwa bado unanitosha mimi kuandika. Yeye alipapasa mchanga kushoto, akapapasa kulia, mkono ukapita juu ya kalamu mara mbili. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kukosea, "Sijaiona, baba."

Alikuwa haoni. Ikifika jioni, dunia yake ilifungwa, na alikuwa amejifunza kuketi ili asigombezwe. Nyumbani kwao walikula ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi. Dagaa walikuwa wa sokoni, na maini ya samaki yalitupwa kwa ndege. Surua ilikuwa imemaliza akiba ya vitamini A iliyokuwa imebaki mwilini mwake, na bila hiyo jicho halina cha kutengenezea uoni wa kwenye giza. Ikiendelea, hata mchana unafungwa, na huo haufunguki tena.

Nilikata ncha ya kidonge, kile kidogo cha mafuta mnachokijua, nikamkamulia mdomoni. Kesho yake nikampa cha pili. Mama aliuliza dawa yenyewe iko wapi. Aliona haya ni matone tu. Nilikuwa nauliza hivyo hivyo moyoni. Vitabu vilisema itafanya kazi, lakini vitabu havikuwa vimeketi na yule mtoto mchangani.

Jioni ya tatu niliketi na mama yake nje ya kibanda. Jua likazama. Watoto walikuwa wanakimbizana kati ya dagaa.  Nilimtafuta Kemilembe pale anapoketi sikumwona, nikaogopa. Mama ndiye aliyemwona kwanza. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Mtoto alikuwa anakimbia. Alimkimbiza mwenzake hadi kwenye mitumbwi iliyogeuzwa, akaruka kamba ya kuanikia, kamba nyembamba ambayo mimi nilikuwa siioni tena, akapotea nyuma ya kibanda akicheka. Matone! Ungeweza kuyafuta kwa kitambaa. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na nimeeleza jambo hilo darasani mara nyingi kwa michoro ya jicho, lakini kila nilipoeleza nilisikia zile kucha mkononi.

Asubuhi nilimwonyesha mama maini ya samaki, dagaa wazima, majani ya viazi, papai. Alisikiliza yote. Aliniambia tu, "Nilimpiga kwa kuvunja mtungi." Nilimjibu hakujua. Alisema hilo halimsaidii mtoto aliyepigwa. 

Miaka ya mwisho nilihamishiwa Bukoba mjini, na kazi iligeuka. Waliokuwa wanakuja walikuwa watu wazima wa Buhembe na mitaa mingine, wenye kisukari na presha, walioacha kutembea na wakaanza soda. Niliwafundisha kupunguza sukari na chumvi, hadi siku wewe Jenista uliponipima mimi kwa mzaha na mzaha ukaisha. Nilikuwa natia vijiko vinne kwenye chai huku natoa somo. Sitaongeza maelezo. Natembea kila siku hadi ziwani na kurudi, na chai yangu sasa ina ladha ya majani.

Siku yangu ya mwisho kazini hamkuniambia mmenunua keki, na nilifanya kama sijaiona kwenye friji ya chanjo. Saa nne asubuhi mliniita chumba cha wazazi. Binti mmoja alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike, na mama mkwe wake, amejifunga kitenge cha kanisa, alikuwa amesimama na chupa ya maji ya glukosi. Hakutaka mtoto anyonye. Yale maziwa ya kwanza, ya njano, alisema ni machafu; yakamuliwe yamwagwe, mtoto apewe glukosi mpaka yaje meupe. Mlitaka mimi, mkubwa, nimweleze.

Nilimsalimu, nikasema nitamweleza, ila kwanza tumtazame mtoto kidogo. Alikuwa amewekwa mtupu juu ya tumbo la mama yake, amefunikwa blanketi mgongoni, bado ana unyevu wa kuzaliwa. Hakuna aliyemgusa. Kwa muda hakufanya kitu. Kisha akaanza kulamba mkono wake. Akainua kichwa, kikaanguka. Mguu ukakunjwa, ukasukuma, na mwili mzima ukapanda upana wa kidole. Akapumzika. Akasukuma tena. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa na umri wa dakika chache duniani, hajawahi kuona titi, hajui kwamba kuna kitu kinaitwa njaa, na alikuwa anakwenda. Mama yake aliacha kulia akashika pumzi. Mtoto akafika kifuani, akagonga kidevu, akakosa, akageuza kichwa, akafungua mdomo wazi kabisa, akashika.

Tukasikia anameza.

Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu yale maziwa ya njano, kwamba ndiyo chanjo ya kwanza, na mengine mnayoyajua. Nilifundisha watu kula kwa miaka thelathini na minne, na maneno yote yaliniishia. Nilimgeukia mama mkwe. Chupa ilikuwa imeshuka mpaka pajani kwake.

"Nani amemwelekeza?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Sijui, mama," nilisema.

Tukaendelea kutazama.